Mashauri ya Nyumbani: Godoro Lenye Shimo na Picha Isiyosema Uongo



Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Neno hilo walilisema juu ya mali ya duka, lakini lafaa pia kwa mali ya nyumbani, na hasa kwa kitu kile ambacho jamaa nyingi hukinunua mara moja tu katika miaka mingi, yaani godoro. Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari za godoro lililoharibika kabla ya wakati wake, na namna ya kulipiga picha, ili mwenye duka apate kuona kwa macho yake jambo ambalo wewe walijua kwa mgongo wako.

Labda msomaji mmoja atacheka na kusema, "Je, picha ya godoro nayo ni jambo la kuandika gazetini?" Asicheke upesi. Na akumbuke kwanza bei aliyolipa, kisha ahesabu magunia aliyouza ili kuipata. Ndipo asikilize habari hii.

Mama mkubwa wangu akaa Rurambo, katika milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi, mahali ambapo asubuhi ukungu hufunika mashamba, na usiku baridi huingia mpaka mifupani. Mgongo wake umechoka kwa miaka mingi ya jembe. Kwa hiyo aliuza maharagwe ya msimu mzima pamoja na mbuzi mmoja, akashuka Uvira, akanunua godoro la sponji lenye urefu wa sentimeta 190, upana wa sentimeta 140, na unene wa sentimeta 20. Mwenye duka akampa stakabadhi, na karatasi ya dhamana ya miaka 2, ile ambayo watu wa kwetu huiita garanti. Godoro likapanda mlima juu ya pikipiki mpaka mahali njia iliposhindwa, na kutoka hapo likaendelea juu ya kichwa cha kijana.

Baada ya miezi 7 godoro lilikuwa na shimo katikati, kama mahali mbwa alipolala. Mama akiamka asubuhi, alikuwa akishika ukuta ili asimame. Mwanawe wa mwisho, mwenye simu, akapiga picha tatu, na mama akashuka nazo mpaka mjini, safari ya siku nzima kwa mtu wa umri wake. Mwenye duka akazitazama, akazigeuza huku na huku, kisha akasema kwa upole, "Mama, mimi naona maua ya shuka. Shimo liko wapi?"

Kwa kweli hakusema uongo. Kijana alikuwa amepiga picha usiku, kwa mwanga mkali wa simu, na shuka juu ya kitanda. Picha ya kwanza ilionyesha maua mekundu. Ya pili ilionyesha mto na ukuta. Ya tatu ilitikisika hata mtu asiweze kujua kama ni godoro au ni ng'ombe aliyelala. Basi mama akarudi Rurambo mikono mitupu, naye alikuwa na haki yake yote.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1858 Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitaka kujua kama mto Ruzizi watoka katika ziwa Tanganyika au waingia ndani yake. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba mto waingia ziwani. Lakini wasafiri wale hawakufika mlangoni pa mto wenyewe, na mabishano yakaendelea huko Ulaya kwa miaka mingi. Mwezi wa Novemba mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakauona mto ukiingia. Neno la wenyeji lilikuwa kweli tangu mwanzo, ila watu walio mbali hawakulikubali mpaka mtu wa kwao alipotazama. Ndivyo ilivyo kwa mwenye duka. Yeye hakulala juu ya godoro lako, naye hawezi kupanda mlima ili alijaribu. Ni lazima kumpelekea macho.

Sasa tuseme kwanza habari za haki, kwa maana wengi hudhani ya kuwa dhamana ni fadhili ya mwenye duka. Sivyo. Katika Kongo mambo ya kuuza na kununua yana msingi katika sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888. Sheria hiyo yamfunga mwuzaji kujibu kwa ajili ya kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichouza, ikiwa kasoro hiyo yakifanya kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi aweza kurudisha kitu na kupewa fedha yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, kasoro iliyokuwa wazi, ambayo ungaliweza kuiona mwenyewe siku ya kununua, haihesabiwi. La pili, yakupasa kudai upesi, wala usikae mwaka mzima ukinung'unika jikoni. Karatasi ya garanti huongeza ahadi ya kiwanda juu ya haki hiyo, pamoja na masharti yake. Basi isomwe yote, hata maandishi madogo ya chini.

Masharti hayo mara nyingi hufanana. Shimo huhesabiwa likiwa limefika kina fulani, pengine sentimeta 2 na nusu, 3 au 4, likipimwa bila mtu wala mzigo juu ya godoro. Godoro lililoungua, lililoloa maji au lililochafuka sana, hukataliwa. Vilevile hukataliwa godoro lililolazwa juu ya kitanda kibovu, na lile lililokatwa kitambaa kidogo cha kiwanda kilichoshonwa ubavuni. Wale waliopatwa na mafuriko ya Uvira ya mwezi wa Aprili mwaka 2020, mto Mulongwe ulipoingia majumbani, walijua ya kuwa magodoro yao yaliyojaa tope hayakuwa na dhamana tena. Maji ya mto si kosa la mshonaji.

Basi turudi Rurambo. Mama aliposimulia yaliyompata, tulikaa pamoja tukalitengeneza jambo upya. Namna tuliyoifuata ni hii, na kila jamaa yaweza kuifuata.

Kwanza, tuliondoa shuka, blanketi na mito, tukaliacha godoro wazi tangu asubuhi mpaka saa nane mchana bila mtu kulilalia. Sponji iliyobanwa usiku huinuka kidogo ikipumzishwa. Shimo linalobaki baada ya kupumzika ndilo shimo la kweli, wala hakuna atakayesema ya kuwa ni alama ya mtu aliyeondoka sasa hivi.

Pili, tulifungua dirisha na mlango, tukauzima mwanga wa simu. Watu wengi hudhani mwanga mwingi usoni pa kitu ndio huonyesha vizuri. Kwa sura ya mtu, labda. Kwa shimo, hapana. Mwanga utokao mbele hufuta vivuli vyote, na shimo huonekana kama uwanja. Mwanga utokao upande mmoja hujaza shimo kivuli, na jicho hulitambua mara moja. Mkulima ajua jambo hili: saa sita mchana matuta ya shamba hayaonekani vema ukiwa mbali, lakini jioni, jua likiwa chini, kila tuta lina kivuli chake.

Tatu, tulifuta kioo cha simu kwa kitambaa safi, kwani kilikuwa na mafuta ya vidole. Kijana akaegemeza mkono juu ya kiti ili usitetemeke. Akapiga picha ya godoro zima kutoka miguuni, na nyingine kutoka ubavuni, simu ikiwa chini, sawa na uso wa godoro. Aonaye kutoka juu huona kitambaa tu, lakini aonaye kutoka ubavuni huona bonde.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tulipima. Tulivuta uzi wa kushonea kutoka ukingo mmoja wa godoro mpaka ukingo wa pili, ukapita juu ya shimo ukiwa umenyoka, watu wawili wakiushika. Kisha tukasimamisha rula ya shule ndani ya shimo, ikigusa kitambaa bila kukibonyeza. Uzi ukakata rula penye sentimeta 4 na nusu. Tukapiga picha mbili: moja ya mbali, ionyeshe uzi wote na wale walioushika, na moja ya karibu, ili nambari za rula zisomeke. Picha ya karibu peke yake haifai, maana aitazamaye hajui ni godoro la nani. Picha ya mbali peke yake haifai pia, maana haina kipimo. Zote mbili pamoja ni ushahidi.

Tano, tulipiga picha ya kitambaa cha kiwanda, ya stakabadhi, na ya karatasi ya garanti. Hapa nawaonya wasomaji. Stakabadhi nyingi za siku hizi huchapwa juu ya karatasi nyororo isiyotumia wino, na joto huzifuta pole pole. Ile ya mama, iliyokaa miezi 7 katika mfuko wa plastiki karibu na jiko, ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Tarehe bado ilisomeka kwa shida. Kama tungalingoja miezi mingine, tungalikuwa na kipande cha karatasi tu. Stakabadhi na ipigwe picha siku ile ile ya kununua.

Ndipo tulipofika kwenye kitanda chenyewe. Tuliinua godoro, na tukaona jambo ambalo hatukulitarajia: chaga moja, yaani mbao moja kati ya zile zinazobeba godoro, ilikuwa haipo. Ilikuwa imevunjika wakati wa mvua, na mtu aliichukua kuni. Kijana akakuna kichwa, akasema, "Mama, nitakata mbao nyingine niipigilie kwanza, halafu ndipo nipige picha. Wakiona pengo hili watatukataa."

Mama akamtazama, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimeshuka mlima mara moja kwa picha isiyoonyesha kitu. Sitashuka mara ya pili kwa picha inayoficha kitu. Piga kama kilivyo."

Kijana akatii, ingawa kwa moyo mzito. Akapiga picha ya chaga zote, pengo likionekana wazi. Na hapo ndipo ukweli ulipotusaidia. Pengo lilikuwa upande wa miguu, karibu na mwisho wa kitanda. Shimo la godoro lilikuwa katikati, mahali pa kiuno, na chini yake chaga zote zilikuwa nzima na karibu karibu. Kwa hiyo picha ile ile tuliyoiogopa ndiyo iliyothibitisha ya kuwa kitanda hakikulifanya shimo. Kama tungalitengeneza kitanda kwanza, mwenye duka angaliona mbao mpya nyeupe kati ya mbao za zamani, naye angaliuliza, "Hii imewekwa lini, na kwa nini?" Na hapo neno letu lote lingalitiliwa shaka.

Liko jambo moja tena, nalo lawafaa sana watu wa mashamba, kwani mizani ya maharagwe haikosekani sokoni. Sponji hupimwa kwa uzito wake. Kiwanda huandika nambari, tuseme 25, maana yake kilo 25 katika meta moja ya ujazo. Godoro la mama lilikuwa na nambari hiyo juu ya kitambaa chake. Tukafanya hesabu kama watoto wa shule: meta 1.9 mara 1.4 mara 0.2 ni meta 0.532 za ujazo. Ukizidisha kwa 25, wapata kilo 13.3. Tukalikunja godoro taratibu, tukalitundika katika mizani ya jirani anunuaye mazao. Mshale ukasimama penye kilo 9, pamoja na kitambaa chake. Kilo 9 ukizigawanya kwa 0.532 wapata karibu 17. Godoro lililoitwa 25 halikufika hata 17. Tukapiga picha ya mizani, mshale ukionekana, na godoro likining'inia chini yake.

Sasa twaelewa kwa nini mgongo wa mama uliumia. Sponji ni kama mkate wenye matundu mengi. Matundu yakizidi na unga ukipungua, mkate huwa mkubwa machoni na mwepesi mkononi. Kuta za matundu hayo zikiwa nyembamba, huchoka upesi chini ya uzito wa mtu, zikavunjika, wala haziinuki tena.

Katika kupeleka picha yafaa kuangalia mambo matatu. La kwanza, usizipambe wala kuzikata, wala usiandike juu yake. Ukitaka kuonyesha mahali, eleza kwa maneno kando. La pili, WhatsApp ikipeleka picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa, na nambari ndogo za rula huweza kupotea. Ipeleke kama hati, nayo itafika nzima. La tatu, weka picha za asili katika simu, maana ndani yake simu huandika siku na saa, ikiwa tarehe ya simu yenyewe ni sawa. Na nakala nyingine ikae kwa ndugu aishiye mahali pengine. Sisi watu wa milima ya Uvira tumejua maana ya kukimbia usiku kwa ajili ya vita, na kurudi tusikute hata mlango. Karatasi huungua na simu hupotea, lakini nakala iliyo kwa shangazi mjini yaweza kusalimika.

Mama hakushuka tena mara ile. Picha 9 zilishuka peke yake, pamoja na barua fupi: siku ya kununua, bei, siku shimo lilipoonekana, kipimo cha uzi, uzito wa mizani, na pengo la kitanda nalo likitajwa bila kufichwa. Hakuna tusi ndani yake, wala vitisho. Mwisho wa barua mama aliomba jambo moja tu, yaani kubadilishiwa godoro. Kila adaiye na aseme wazi anachotaka, la sivyo atapewa pole, na pole hailaliwi.

Mwenye duka alinyamaza siku mbili. Kisha akapiga simu yeye mwenyewe. "Mama," akasema, "mimi nami nimedanganywa. Nimepima magodoro mengine niliyo nayo hapa, na yote ni mepesi." Alizipeleka picha zile kwa mfanya biashara aliyemletea mali hiyo. Baada ya majuma matatu mama akaitwa kuchukua godoro jingine. Mara hii lilipimwa kwanza mbele yake dukani, na likapigwa picha likiwa bado katika plastiki yake, kabla ya kufungwa kwenye pikipiki. Gharama ya kulipandisha mlimani ilikuwa juu ya mama, naye aliilipa. Chaga iliyopungua ilipigiliwa siku ile ile.

Yaangalieni haya, ndugu. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza alikataa kwa sababu hakuonyeshwa kitu. Siku ya pili alikubali kwa sababu alionyeshwa yote, hata lile lililoweza kutudhuru. Mara ngapi twagombana na watu, tukiwaita wezi, kumbe hatukuwaonyesha shimo, tuliwaonyesha maua ya shuka?

Basi kila baba na mama anunuaye kitu cha thamani, kiwe godoro, cherehani, baiskeli au bati, apige picha ya stakabadhi yake leo hii, kabla ya kulala. Ni kazi ya dakika moja. Na yule ambaye godoro lake limekwisha kuzama, aondoe shuka kesho asubuhi, afungue dirisha, atafute uzi na rula. Lakini kabla ya yote ainue godoro atazame chaga zake, maana pengine kosa liko huko, na fundi wa mbao atalimaliza kwa misumari minne tu, bila safari ya mjini.

Mama mkubwa alala vema sasa. Asubuhi haushiki ukuta tena.